Oman na mifuko ya plastiki: tumefunga mlango wa kuingilia, wa kutokea je?

MLETA MADA (Seeb)
Assalamu alaykum wana jamvi. Naleta hoja, na mwenye kunipinga anipinge kwa hoja, si kwa kunitajia kabila la babu yangu.

Tulioko Muscat tunajua mambo yalivyokwenda. Tarehe 1 Januari 2021 Oman ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kutumia mara moja. Mimi binafsi niliendelea kuiona kwenye vibakala, viduka vya mtaani kwetu, kama vile hakukutoka tangazo. Ikaja Wizara ya Biashara na uamuzi namba 519 wa 2022: kuanzia 1 Januari 2023 si kampuni wala mtu binafsi anayeruhusiwa kuiingiza nchini. Faini riali 1,000, ukirudia mara mbili yake. Kisha Mamlaka ya Mazingira ikatoa ratiba ya 2024 kwa mifuko iliyo chini ya maikroni 50 za unene (maikroni ni elfu moja ya milimita): Julai 2024 zikaanza duka za dawa na hospitali, Januari 2025 wauza nguo na washonaji, na hivyo hivyo kwa mafungu mpaka Julai 2027 lisibaki duka.

Msimamo wangu: hatua iliyofanya kazi ni ile ya forodha. Mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila bakala kuanzia Musandam mpaka Salalah, lakini kontena lazima lipite mahali. Hapo serikali naipa mkono.

Linalonikera ni hili. Wakati tunamzuia mtu kuingiza mfuko, kule Sohar tumejenga kiwanda cha Liwa Plastics kwa dola bilioni 6 na ushee, na kampuni ya serikali ya OQ ikapata uwezo wa kutoa tani milioni 1.4 za plastiki ghafi kwa mwaka. Sehemu kubwa ni ya kuuza nje. Mfuko haramu kuingia, malighafi yake halali kutoka. Hiyo ni sera ya mazingira au ni sera ya kusafisha baraza na kumwagia jirani taka?

MUUZA BAKALA
Ami, wewe unasema faini kama unasema bei ya ndizi. Kwa ratiba hii mpya faini inaanzia riali 50 inafika 1,000, na anayelipa si aliyetengeneza, ni mimi. Nilinunua mzigo wa mifuko kwa wakala mmoja, akaniapia kwa Mungu kwamba unene wake unaruhusiwa. Nikaupokea. Mimi dukani nina mzani wa vitunguu, sina cha kupimia maikroni. Nikiubonyeza kwa vidole nitajuaje kama ni 45 au 55?

Na wateja nao. Kijana anakuja na gari la maelfu ya riali, nikimwambia mfuko baisa 50, vijisenti vya riali, ananuna, anabeba mayai kwenye kofia. Kuna bi mkubwa mmoja tu jirani yangu, kazaliwa Ng'ambo kule Unguja, yeye toka namjua anakuja na kikapu chake cha ukili. Samaki anamfunga kwa gazeti, chini ya mboga. Siku marufuku ilipotangazwa akanicheka: "Mwanangu, nyinyi ndio kwanza mnaamka?"

BI DADA WA MWEMBE TAYARI
Huyo bibi namuunga mkono. Zanzibar ilikataza mifuko hiyo tangu 2006, Rwanda 2008, sisi Kenya 28 Agosti 2017, Tanzania bara 1 Juni 2019. Oman imekuja nyuma yetu sote, kwa hivyo msitusomeshe.

Kwetu adhabu ni kali: faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4. Na bado jwala, ndiyo hiyo mifuko, zinapita mipakani usiku. Ukimkamata mchuuzi ukamuuliza anazitoa wapi, anakwambia ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo swali la mleta mada ndilo hasa. Emirati walipokataza mifuko ya mara moja nchi nzima kuanzia Januari 2024, kwenye uamuzi huo huo wakaitoa ile inayotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, sharti iwe na alama. Yaani mfuko ukimuua ngamia wa Dubai ni dhambi, ukimuua mbuzi wa Kilifi ni biashara. Nieleze mtu hapo pana mazingira gani.

FUNDI WA SOHAR
Bi dada, polepole. Hapo ni Emirati, mada ni Oman. Na mleta mada naye kachanganya mchele na chuya.

Kinachotoka Sohar ni punje za plastiki ghafi, ndogo kama dengu, nyeupe, kwenye magunia ya kilo 25. Punje si mfuko. Polietilini, plastiki ya mifuko, hiyo hiyo ndiyo bomba la maji linalofika kijijini kwenu, ndiyo tangi la juu ya paa, ndiyo dumu la mafuta ya kula. Polipropilini, plastiki nyingine, ndiyo sandarusi unayofungia mchele Kariakoo, ndiyo sirinji ya hospitali. Mkitaka Oman isiuze punje, semeni pia nani atatengeneza bomba. Nchi inataka kuacha kutegemea mafuta ghafi, ndiyo Dira ya 2040 yenyewe. Sasa mnatuambia tusichome mafuta, na tukiyageuza kuwa kitu kingine nako ni kosa?

Jambo jingine mnalosahau: ile mifuko "ya kudumu" inayouzwa supamaketi, inayofanana na kitambaa, nayo ni plastiki. Mingi ni polipropilini. Nyumbani kwangu ipo zaidi ya 30, imejazana nyuma ya mlango wa jiko.

MWANASHERIA MTORO
Niingize mguu mmoja wa kisheria, kisha niondoke.

Chini ya kanuni za Shirika la Biashara Duniani, ambalo Oman ni mwanachama tangu 2000, kuzuia bidhaa kuingia ni jambo linalokatazwa kimsingi na kifungu cha 11 cha GATT, mkataba wake wa biashara ya bidhaa. Kinachokuokoa ni kifungu cha 20: kulinda afya na uhai wa watu, wanyama na mimea, au kuhifadhi maliasili zinazokwisha. Lakini kifungu hicho kina kizingiti mlangoni: usibague.

Mfano mzuri ni Brazil. Ilizuia matairi yaliyovishwa mpira upya yasiingie, kwa hoja kwamba matairi makuukuu yanazalisha mbu na moshi wa sumu. Mwaka 2007 Baraza la Rufaa la shirika hilo likakubali kwamba sababu hiyo ni ya haki. Kesi ikamshinda Brazil hata hivyo, kwa sababu ilikuwa inawaruhusu majirani zake wa Mercosur, jumuiya yao ya biashara, kuyaingiza, na mahakama zake zikiwaruhusu wengine. Lengo jema, utekelezaji wa upendeleo.

Kwa hiyo mimi ningeuliza: mfuko mnene wa kiwanda cha hapa na mfuko mnene wa kiwanda cha nje, vinapimwa kwa kipimo kimoja? Kama ndiyo, Oman iko salama. Kama siyo, basi hilo ni ulinzi wa viwanda uliovishwa kanzu ya kijani.

Ila mkumbuke, sheria hiyo haikulazimishi kuzuia unachouza nje. Dunia ya biashara imezoea kumbana anayekataa kununua, si anayeuza.

MFUGAJI
Wenzangu mnaongea vifungu, mimi niseme la jangwani. Bi dada kataja ngamia kama utani, si utani. Madaktari wa mifugo wa Dubai walichunguza ngamia zaidi ya 30,000 tangu 2008, wakakuta 300 matumbo yamejaa donge la plastiki. Matokeo yakatoka 2021. Ngamia akila mfuko hashibi wala hasikii njaa, anasimama tu pale akikonda. Mimi nilimpasua mbuzi wangu mwenyewe karibu na Ibra: fundo moja, gumu kama jiwe, na katikati yake ukanda wa buluu bado unasomeka bei ya mkate.

MLETA MADA
Nimesoma yote. Fundi kanisogeza, nakiri: punje si mfuko, na bomba la maji silikatai. Ule mkutano wa kutafuta mkataba wa plastiki wa dunia ulivunjika Busan mwishoni mwa 2024, ukavunjika tena Geneva Agosti 2025, na moja ya mafundo ni hili hili, kama uzalishaji wa plastiki ghafi uwekewe kikomo. Rwanda pamoja na Norway wanaongoza kundi linalotaka kikomo, Saudia iko upande wa pili. Sitalifungua mimi hapa jamvini.

Nabaki na moja. Mfuko wa chini ya maikroni 50, ukishakuwa mfuko, usipoweza kuingia kwa sababu ni sumu, usiweze kutoka pia. Kifungu kimoja tu kwenye uamuzi ule ule, afisa yule yule wa forodha, kipimo kile kile. Fundi, hapo unanipinga?

FUNDI WA SOHAR
Hapo sikupingi.

MUUZA BAKALA
Na hicho kipimo, ami, kinauzwa wapi? Au nacho kinahitaji kibali cha kuingiza?