Tupeane uzoefu: DNS kujipanga yenyewe modemu inapounganisha

fundi_laini (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Sisi tunaotumia modemu za USB kwenye Linux tuna tatizo linalojirudia. Modemu imepiga *99#, ppp0 (laini ya mtandao inayoundwa na modemu) imepata anwani ya IP, ukiipiga ping 8.8.8.8 (seva ya DNS ya Google iliyo wazi kwa wote) inajibu vizuri, ila ukiandika jina la tovuti yoyote haifunguki. Watu wanapiga huduma kwa wateja, wanaambiwa bando lipo, na kweli lipo. Kinachokosekana ni seva ya DNS ya kugeuza lile jina kuwa anwani.

Msimamo wangu: kompyuta imuulize mtoa huduma DNS zake kila inapounganisha, na ikikata irudishe za awali, bila mtu kugusa faili. Kwangu mambo yalikaa sawa nilipoweka neno `usepeerdns` kwenye faili langu ndani ya /etc/ppp/peers. Hapo pppd, programu inayounganisha modemu, inaomba anwani mbili za DNS, inaziandika kwenye /etc/ppp/resolv.conf, halafu inazikabidhi kwa skripti ya ip-up, ile inayoendeshwa laini ikiunganika, kwa majina DNS1 na DNS2. Angalieni hapo: inaziandika ndani ya folda ya ppp, sio kwenye /etc/resolv.conf ambayo ndiyo programu zinaisoma. Lazima kitu kizihamishe, na wengi wanakwama hapohapo. Karibuni, kila mtu aeleze alivyofanya.

mzee_wa_modemu
Umenikumbusha mbali mkuu. Nilisimamia kafe ya intaneti enzi za simu ya mezani, modemu ya 56k. Anwani za DNS tulipewa kwenye karatasi, tukazibandika kwa selotepu ubavuni mwa kila kompyuta. Siku moja mtoa huduma akahamisha seva zake bila taarifa. Modemu inalia kama kawaida, dakika za simu zinakwenda, hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka, na wateja wamejaa kwenye viti wanadai hela zao. Iliniuma sana, maana dawa ilikuwepo tayari: RFC 1877 (waraka wa kanuni za intaneti) ya Desemba 1995 iliongeza kwenye IPCP, yale mazungumzo ya kupeana anwani wakati wa kuunganisha, nafasi za kuombea DNS, namba 129 ya kwanza na 131 ya pili. Kwenye logi za pppd mtaziona zimeandikwa ms-dns1 na ms-dns2. Tangu niwashe ombi hilo la DNS, karatasi zote nilizibandua.

pwani_msa
Ndugu zangu, mimi niko Mombasa. Laptopu yangu mchana iko kwenye waya wa ofisi, jioni iko kwenye modemu nyumbani. Shida yangu ilikuwa kinyume: DNS ya ofisi, ile ya 192.168 inayofikika ndani ya ofisi tu, inabaki kwenye faili hadi nyumbani. Nikaandika skripti mbili fupi. Ya kuunganisha inanakili /etc/resolv.conf pembeni, kisha inaweka ya mtoa huduma. Ya kukata inairudisha ile ya kwanza.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili halionekani kwa macho. Kwenye Debian na Ubuntu skripti unaiweka ndani ya /etc/ppp/ip-up.d, na faili la huko likiwa na nukta kwenye jina haliendeshwi. Ukiliita dns.sh linarukwa kimyakimya, hupati ujumbe wowote. Liite dns tu, ulipe ruhusa kwa chmod +x. Na kama unaandika moja kwa moja kwenye ip-up yenyewe, weka njia kamili, /bin/cp badala ya cp, kwani pppd huiendesha bila PATH, yaani orodha ya folda za kutafutia amri.

binti_mwanza
Asanteni kaka zangu, hilo la nukta nilikuwa silijui. Langu ni tofauti kidogo. Nilifuata kila kitu, faili likajazwa vizuri, na bado majina hayafunguki. Nikafungua logi nikakuta DNS ni 10.11.12.13 na 10.11.12.14. Hizo hazikuwa za mtoa huduma! Modemu ilizitoa yenyewe kwa sababu mtandao ulikuwa haujaipa za kweli, na pppd ikazikubali. Nimeongeza `ipcp-max-failure 30` ili pppd ivumilie kukataliwa mara nyingi mpaka jibu sahihi lifike. Tangu hapo nikiunganisha tu nafungua logi kwanza, ndipo naamini.

kijana_wa_bando
Wakuu, kwa nini mnajisumbua hivyo? Weka 8.8.8.8, ifunge faili ya /etc/resolv.conf kwa chattr +i isibadilishwe na chochote, basi.

fundi_laini
Mdogo wangu, nilipita njia hiyo. Ukurasa wa mtoa huduma wa kuangalia salio na kununua bando ulikataa kufunguka, maana jina lake lilijulikana kwa seva zake mwenyewe tu. Bando likiisha usiku umekwama. Na faili ukilifunga hivyo, ukifika ofisini hata jina la printa halipatikani. Kama unaipenda 8.8.8.8, iongeze chini ya zile mbili iwe ya akiba. Nafasi za DNS kwenye faili ni tatu tu, ya nne haisomwi.

mtu_wa_zahanati
Nachangia kwa wenye mifumo mipya. Natunza kompyuta za zahanati yenye modemu ya dharura, na siku hizi /etc/resolv.conf ni kiungo kinachoelekea kwa systemd-resolved, huduma ya Linux inayosimamia DNS. Msinakili kitu juu yake, mtavuruga mpangilio wa waya. Ndani ya skripti ya ip-up.d wekeni mstari huu:

`resolvectl dns "$PPP_IFACE" $DNS1 $DNS2`

DNS inashikamana na ppp0 peke yake, na ppp0 ikizimika inaondoka nayo, kwa hiyo skripti ya kurudisha haihitajiki tena. Ukitaka kuhakiki, andika `resolvectl status ppp0`.

pwani_msa
Shukran sana ndugu. Na waya ukiwa umechomekwa pamoja na modemu, maswali ya DNS yanakwenda wapi?

mtu_wa_zahanati
Kote kuwili. Ukitaka yapite kwa modemu, ongeza `resolvectl domain "$PPP_IFACE" '~.'` chini ya ule mstari.