Windows imejisasisha, menyu ya GRUB imepotea. Lazima nipige Ubuntu upya?

kisukuku_tz
Wakuu, heshima kwenu. Mashine ni HP ya mtumba, SSD ya GB 256, Windows 11 imepigwa kwanza, halafu Ubuntu 24.04 kwenye patisheni ya GB 70. Menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ilikuwa inatokea vizuri. Baada ya apdeti ya Windows ya juzi, mashine ikiwashwa inazama Windows moja kwa moja. Patisheni ya Ubuntu naiona bado ipo. Fundi mmoja hapa Kariakoo anasema GRUB imefutwa na dawa ni kupiga Ubuntu upya. Ni kweli? Mle ndani kuna kazi za watu. Flashi ya Ubuntu ninayo bado, ila kifurushi cha kushusha kitu kikubwa sina.

nondo_za_efi
Usipige kitu mkuu. Kwenye mashine za UEFI (programu ya ubao inayowasha mashine za kisasa), kila mfumo una folda yake ndani ya patisheni ndogo ya FAT32, mara nyingi MB 100 tu, inayoitwa ESP. Windows inakaa EFI/Microsoft, Ubuntu inakaa EFI/ubuntu. Kwa kawaida apdeti haifuti folda ya mwenzake. Kinachovurugika ni orodha iliyoko kwenye ubao wa mashine, ile inayosema nani atangulie.

Zima, washa huku unagonga Esc, kisha F9 (Dell na Lenovo nyingi ni F12). Ukiona "ubuntu", ingia nayo, fungua teminali, andika `efibootmgr`. Utaona kitu kama hiki:

```
BootOrder: 0000,0003,2001
Boot0000* Windows Boot Manager
Boot0003* ubuntu
```

Hapo Windows ndiye wa mbele. Mrudishe nyuma:

`sudo efibootmgr -o 0003,0000,2001`

Namba zako zitakuwa nyingine, usinakili zangu kichwakichwa.

mama_wa_seva
Kabla hajagusa orodha, tuanze na BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski. Windows 11 nyingi zimefungwa kwa BitLocker na mwenyewe hana habari. Ukibadilisha njia ya kuwasha au mpangilio wa Secure Boot (ulinzi unaokubali kuwasha programu zilizosainiwa tu), Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Na kwa mashine ya mtumba balaa ni zaidi: kama Windows ilipigwa dukani kwa akaunti ya muuzaji, ufunguo unaweza kuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yake, si yako.

Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`manage-bde -status C:`

Ikionyesha diski imefungwa, toa ufunguo kwa `manage-bde -protectors -get C:` na uuandike kwenye karatasi. Usiuhifadhi kwenye diski hiyohiyo. Kisha simamisha ulinzi kwa muda: `manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`. Ukimaliza kila kitu, rudisha kwa `manage-bde -protectors -enable C:`.

kisukuku_tz
Asanteni. BitLocker haijawashwa, nimeangalia. Ila F9 inaonyesha Windows Boot Manager na flashi tu, "ubuntu" haimo kabisa.

fundi_wa_gerezani
Basi ingia kwa flashi, chagua kujaribu Ubuntu bila kuipiga, halafu chroot, yaani ingia ndani ya Ubuntu iliyoko kwenye diski:

```
lsblk -f
sudo mount /dev/nvme0n1p5 /mnt
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --bootloader-id=ubuntu
update-grub
```

p5 ni ile ya ext4 (Ubuntu), p1 ni ya vfat (ESP). Hakikisha kwa lsblk, maana ukikosea patisheni hapa utajutia. Intaneti haihitajiki.

nondo_za_efi
Chroot ni sawa, ila ni kumchinja kuku kwa panga. Kwanza tazama kama folda ipo. Ukiwa kwenye flashi:

```
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt
ls /mnt/EFI/ubuntu
```

Ukiona shimx64.efi na grubx64.efi, kilichopotea ni jina tu kwenye orodha. Amri moja inatosha:

`sudo efibootmgr -c -d /dev/nvme0n1 -p 1 -L ubuntu -l '\EFI\ubuntu\shimx64.efi'`

Elekeza kwenye shim (faili iliyosainiwa inayoiita GRUB), siyo grubx64, la sivyo Secure Boot ikiwa imewashwa itakataa. Folda ikiwa tupu ndipo ufuate njia ya fundi.

Jambo moja linalowapiga wengi chenga: flashi yenyewe lazima iwe imewashwa kwa UEFI. Andika `ls /sys/firmware/efi`. Ikisema hakuna kitu hicho, umeingia kwa mtindo wa zamani wa BIOS, na utaambiwa "EFI variables are not supported on this system". Zima, rudi F9, chagua flashi ile ile kwenye mstari wenye neno UEFI.

mama_wa_seva
Akifika kwenye chroot, aongeze kitu. Tangu GRUB 2.06, os-prober, inayotafuta mifumo mingine kwenye diski, imezimwa kwa chaguo-msingi, kwa hiyo update-grub inaweza kukutolea menyu yenye Ubuntu peke yake, ukadhani Windows imekufa. Ndani ya /etc/default/grub weka `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, kisha rudia update-grub.

Na kama ukichagua "ubuntu" unakutana na "Verifying shim SBAT data failed", hilo ni tatizo jingine, lilisambaa na apdeti ya Windows ya Agosti 2024. Zima Secure Boot, ingia Ubuntu, piga `sudo mokutil --set-sbat-policy delete`, washa upya uingie Ubuntu tena, apdeti shim, ndipo uiwashe Secure Boot.

kisukuku_tz
Folda ilikuwepo. Amri moja tu, menyu imerudi, Windows nayo imo. Swali la mwisho: nikitoka Ubuntu kwenda Windows, saa inarudi nyuma. Sasa hivi ni saa nne asubuhi, Windows inaandika 7:00. Betri ya ubao imekufa?

fundi_wa_gerezani
Betri haihusiki, ikifa hata tarehe inapotea. Ubuntu inaandika saa ya UTC kwenye ubao, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na Dar tuko UTC+3. Ndiyo hayo masaa matatu. Ndani ya Ubuntu:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Itakuonya kuhusu nchi zinazosogeza saa majira yakibadilika. Tanzania hatusogezi, usijali. Kisha ingia Windows, bonyeza Sync now kwenye mipangilio ya saa.