Mjadala: Mgonjwa Mlatino Marekani anahitaji daktari wa kwao, au mkalimani anatosha?

Mkalimani wa Zamu
Wakuu, salaam. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili wa simu, nahudumia hospitali za huku Marekani. Ninaowatafsiria wengi ni Wakongo. Foleni kubwa lakini iko kwa wenzetu wa Kihispania, na jambo lao ndilo nalileta. Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ni 19 au 20 katika kila watu 100 wa nchi hii, ilhali katika kila madaktari 100 wao ni 6 au 7 tu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikavizuia vyuo kutumia asili ya mwombaji kama kigezo cha kumpokea. Sasa pengo litazibwa vipi?

Msimamo wangu: mkalimani hatoshi. Najua natia mchanga kitumbua changu mwenyewe.

Mwaka 1980 huko Florida, kijana wa miaka 18 wa familia ya Kikuba alifikishwa hospitali hajitambui. Ndugu zake wakasema "intoxicado", kwao ni mtu aliyedhurika na alichokula. Hospitali ikaelewa kazidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavujia kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu, na fidia ikafika takriban dola milioni 71. Daktari Mkuba asingesikia hivyo.

Nesi Houston
Mkuu, mfano wako umekugeuka. Pale alikosekana mkalimani aliyesomea kazi. Kila upande uliamini umeelewa, ndiyo maana hakuitwa mtu.

Mkalimani wa Zamu
Nakubali, dada. Ila mimi mgonjwa akisema "nimekunywa dawa", natafsiri dawa. Daktari aliyekulia naye atauliza: ya hospitali au ya mizizi? Kumuuliza mgonjwa swali ambalo daktari hakuuliza si kazi yangu, hata kama linaniwasha ulimi.

Bint Mvita
"Wa kwao" wapi, jamani? Kuna utafiti wa serikali ya Marekani ulioanza kuandikisha watu mwaka 2008, Bronx, Chicago, Miami na San Diego, zaidi ya Walatino 16,000. Walipowagawa kwa asili, kisukari kilikuwa asilimia 18 hivi kwa wenye asili ya Meksiko na 10 kwa wa Amerika Kusini. Kabla ya hapo mara nyingi walitiwa kapu moja. Halafu nenda mashamba ya California: kuna vibarua kutoka Oaxaca wanaozungumza Kimixteco, Kihispania chenyewe wanababaisha. Mpelekee daktari wa Buenos Aires uone kama ni wa kwao! Fedha ziwekwe kwenye utafiti kwanza, tujue nani anaumwa nini.

Kondakta Mstaafu
Utafiti hauandiki cheti cha dawa.

Nesi Houston
Na madaktari wapo tayari, wamekwama kwenye makaratasi. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), tangu 2007 kinawachukua waliosomea udaktari Amerika ya Kilatini na tayari wanaishi Marekani, kinawasaidia kufaulu mitihani, nao wanarudisha fadhila kwa kufanya kazi sehemu za California zenye uhaba. Hilo nalipigia makofi. California hiyohiyo ilipitisha sheria mwaka 2002 ya kuleta madaktari kutoka Meksiko kwa leseni ya miaka 3. Ikakaa kabatini karibu miaka 20 kabla wa kwanza kuanza kazi.

Kondakta Mstaafu
Na Meksiko watatibiwa na nani? Sisi tulioona manesi wetu wakipakiwa kwenda Ulaya hatuwezi kupiga makofi haraka hivyo.

Mkalimani wa Zamu
Hapo mzee umenibana. Ndiyo maana napenda zaidi hiyo ya UCLA, watu wameshahama, wengine wanafanya vibarua na shahada zao ziko kwenye sanduku. Hao wa leseni ya muda angalau wanarudi kwao.

Bint Mvita
Wanarudi, sawa. Na yule mgonjwa wa kisukari, mwaka wa 4 anaanza upya kujieleza kwa nani?