Alamu ya gari inayokupigia simu, nani amefunga ikamsaidia?

Ghorofa_ya_Tano
Habari zenu wadau. Nakaa Donholm, Nairobi, gari ni Toyota Fielder ya 2012 na inalala nje ya geti juu pakingi ya ndani ilijaa kitambo. Wiki jana waling'oa saidimira zote mbili. Alamu ililia, majirani wa chini wanasema waliisikia kama saa tisa usiku ikalia ikanyamaza wakarudi kulala, mimi huku juu mvua inapiga mabati sikusikia kitu. Asubuhi nikapata waya za indiketa zinaning'inia tu. Sasa nataka kitu cha kuniamsha mimi, sio kuamsha mtaa. Kuna wenye wananiambia rimoti ya kioo, ile yenye skrini ndogo ya kukuonyesha alamu ikilia, wengine ile ya laini ya simu. Ipi inafaa? Na betri je, maana naenda kazi na matatu, gari inaweza kukaa hata siku nne haijawashwa.

WayaNyekundu
Pole sana ndugu. Mimi ni fundi wa waya hapa Kirinyaga Road na hizo nimefunga nyingi. Rimoti ya kioo inaongea na gari kwa redio, kwa uwanja wazi inafika mbali lakini weka kuta za zege na ghorofa tano katikati utakuwa unashika tu kioo kisicho na habari. Funga ya laini. Ndani yake kuna laini kama ya simu ya kawaida, mlango ukifunguliwa au gari ikitikiswa hicho kidude kinakutumia meseji ama kinakupigia, na nyingi zina betri yao ndogo ndani kwa hivyo wakikata betri ya gari bado unapata habari. Ukinunua uliza kama inapiga simu, juu meseji moja saa tisa usiku haiamshi mtu.

Waya nyekundu inaenda kwa moto wa kudumu, yaani umeme ule uko hata ukitoa ufunguo, na fyuzi iwe karibu na pale moto unatoka. Nyeusi kwa bodi. Nyingine kwa moto wa ufunguo ndio kijue gari imewashwa, na ya mlango inashikana na swichi inayowasha taa ya ndani. Usikubali mtu asokote waya na kuzungushia selotepu, joto la dashibodi linailegeza na baada ya miezi michache utakuwa na alamu inalia bila sababu. Ichomelewe kwa risasi.

Laini itoe PIN ukiwa umeiweka kwa simu yako kwanza. Na neno la siri vidude vingi huja na 123456, libadilishe siku hiyo hiyo, mtu akijua namba na hilo neno anakuamrishia gari kama yake.

MamaFielder
Hapo kwa laini nakazia. Fundi aliyenifungia mara ya kwanza alitumia laini ya jina lake na namba yake ikabaki kwa kidude, nilikuja kugundua baada ya miezi nikaingiwa na baridi, huyo mtu alikuwa anaweza kuuliza gari yangu iko wapi saa yoyote na ikamjibu. Nunua laini mwenyewe, isajiliwe kwa kitambulisho chako, na kredo usisahau juu laini ikikaa bila kutumika kampuni inaizima.

Betri nayo iliniangusha. Siku ya sita gari ikakataa kushika. Fundi mwingine akaja na mita, tukafunga milango tukangoja karibu nusu saa kila kitu kilale, ikasoma gari iliyozimwa inavuta miliampia 110 kwa betri na alisema inafaa iwe chini ya 50. Kumbe kidude kilikuwa kimewekwa kitume lokesheni kila sekunde kumi hata gari ikiwa imelala. Aliweka kilale gari ikizimwa na kiamke ikitikiswa. Sijaona shida tena.

Ghorofa_ya_Tano
Asanteni sana. Na ile rilei, swichi ya umeme ya kukata mafuta ukiwa kwa simu, niweke?

WayaNyekundu
Weka, lakini usiikate gari ikiwa inatembea, hata kama ni mwizi ameishika. Injini ikizima katikati ya barabara ya Outering breki inakuwa ngumu na stelingi nzito, na nyuma yake kuna matatu imejaa watu ambao hawajakuibia. Mimi huifunga kwa pampu ya mafuta na naiweka ikatae kukata mpaka mwendo ushuke, kama kidude hakina hiyo basi subiri isimame ndio utume.

KibandaChaGeti
Ongezeni hii: namba ya pili ya kupigiwa na kidude iwe ya askari wa usiku. Wewe kutoka ghorofa ya tano mpaka chini ukitafuta slipasi, saidimira imeshaondoka, lakini askari ako hapo na tochi na filimbi. Mwambie mapema hiyo simu ikilia maana yake nini. Sensa ya kutikisika ijaribuni lori likipita, ikilia kwa kila lori baada ya siku mbili hakuna mtu atashika hiyo simu. Na kama kazini mnapakia besimenti, angalia kwanza kama kuna netiwaki huko chini.

Ghorofa_ya_Tano
Askari nimeongea naye sai, amekubali na namba yake nimechukua. Laini nanunua kesho. @WayaNyekundu Jumamosi asubuhi nakuletea gari, tafadhali uje na mita tupime kabla ufunge na baada, nitaandika hapa imesoma ngapi.