Likizo ya Agosti Kisumu: nawashughulishaje watoto karibu na nyumbani bila gharama?

Mama wa Migosi aliuliza:

Wazazi wenzangu, hamjambo. Shule zinafungwa wiki ijayo, nami nina watoto watatu nyumbani, wa miaka 12, 9 na 6, pamoja na mpwa wangu wa miaka 10 ambaye huja kwetu kila likizo. Mimi na mume wangu hutoka alfajiri, mimi nikielekea Kibuye kuuza mitumba naye akienda karakana, na anayebaki na watoto ni mama mkwe wangu, ambaye magoti hayamruhusu tena kuwafuata huku na huku.

Mwaka jana siku tatu za kwanza zilikuwa za furaha, kisha simu ya nyanya yao ikageuka kuwa mlezi. Jioni moja nilirudi nikamkuta yule wa miaka 9 ameketi palepale nilipomwacha asubuhi, kikombe chake cha chai kikiwa bado kando ya mguu wake, kimejaa sisimizi. Sikumgombeza, kwa sababu nilijiuliza ni kitu gani kingine nilichokuwa nimempangia, nikaona hakipo.

Kambi za likizo zinazotangazwa mjini zinadai kwa mtoto mmoja pesa ambazo mimi hupata kwa wiki nzima. Makumbusho na hifadhi ya swala pala ni mahali pazuri, lakini kiingilio na nauli ya watoto wanne si jambo la kurudia. Naomba mawazo ya shughuli za bure, za umbali wa kutembea kwa miguu, ambazo nyanya anaweza kuzisimamia akiwa ameketi. Jambo jingine ni kwamba wavulana hawaachi kuomba kwenda ziwani, na mimi naogopa. Je, nawakataza kabisa?

Jirani wa Lolwe alijibu:

Pole, dada. Sisi hapa mtaani huchanga tukamlipa mwanafunzi wa chuo kikuu awafundishe watoto kuanzia saa mbili hadi saa sita. Hawapati nafasi ya kuzurura, na muhula wa tatu ukifika wanakuwa mbele ya wenzao. Mchango si mkubwa ukigawanywa.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Mama wa Migosi, nimefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu. Kwanza namwomba radhi jirani wa Lolwe, kwa maana najua anawatakia watoto mema, lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 37, inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na nionavyo mimi inakataza kwa haki. Mtoto aliyekaa dawatini majuma mengi anahitaji kuinuka, akitumie alichofundishwa kwa mikono yake.

Kosa ambalo wazazi wengi hulifanya, nami nililifanya kwa wanangu, ni kutafuta jambo jipya la kila siku. Mambo huisha kabla likizo haijafika katikati. Panga mambo mawili au matatu yanayokua siku hadi siku, ili kila asubuhi mtoto aamke akiwa na kitu cha kwenda kukitazama. Nitakupa mawili niliyoyajaribu mwenyewe.

La kwanza ni kijiti. Watafute kijiti kilichonyooka cha urefu wa mita 1 juu ya ardhi, wakisimike wima uani mahali ambapo jua halizibwi na ukuta. Kuanzia saa tano, kila baada ya dakika 10, waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli. Waulize kabla: kivuli kitakuwa kifupi kuliko vyote saa ngapi? Wote watasema saa sita kamili. Wakipima kwa makini wataona kwamba kivuli kinaendelea kufupika hadi saa sita na dakika 40 na kitu, na hapo ndipo mazungumzo yatakapoanza. Saa za Kenya zimepangwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita Somalia, ilhali Kisumu iko karibu na nyuzi 35. Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka uzi mmoja, kwa hiyo jua hufika kwetu likiwa limechelewa kwa dakika 40 hivi. Huyo wa miaka 12 anaweza kuipiga hesabu hiyo mwenyewe, na atakuwa ameipata kwa kokoto zake.

Wasikomee siku moja. Mwezi wa Agosti jua liko kaskazini ya Ikweta, nasi Kisumu tuko kusini yake kwa hatua chache tu (ukishika barabara ya Busia unaivuka pale Maseno), kwa hiyo kivuli cha adhuhuri huelekea kusini. Mwanzoni mwa mwezi kivuli hicho kifupi kitakuwa sentimita 30 hivi, na kufikia mwisho wa mwezi kitakuwa kimepungua chini ya 20. Waandike urefu na tarehe kwenye daftari lililobaki na kurasa tupu. Mpwa wako akirudi likizo ya Desemba, wasimike kijiti kilekile waone kivuli kimegeukia upande gani. Nakuhakikishia kwamba watashangaa.

La pili ni kunde. Mbegu za kiganja kimoja zinatosha, na kama hamna shamba, sufuria iliyotoboka au gunia lililojazwa udongo litafaa. Zitachipua kabla ya wiki kwisha, na kabla shule hazijafunguliwa watoto watachuma majani ya kwanza. Kila mtoto awe na mstari wake na awajibike kwa huo tu. Yule wa miaka 6 ndiye atakayewashinda wote kwa bidii ya kumwagilia, hata ikabidi azuiwe.

Nyanya usimfanye mlinzi. Mfanye mwenye baraza. Zamani Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya mama mzee ambamo watoto walisikia ngano na kutegeana vitendawili usiku. Hakuhitaji magoti yenye nguvu kwa kazi hiyo. Kila jioni watoto wamsomee vipimo vyao, naye awalipe ngano moja. Na mkubwa aziandike ngano hizo kama anavyozisikia, kwa lugha ya nyanya. Hilo daftari utalitunza baadaye kuliko cheti chochote cha kambi.

Mhudumu wa Afya ya Jamii, Nyalenda, alijibu:

Nakuja kwenye swali la ziwa, kwa kuwa wengine wamelipita. Dada, usiwakataze kuliona ziwa, lakini wakataze kabisa kuingia majini, na uwaeleze sababu, kwa maana mtoto aliyekatazwa bila sababu atakwenda kwa siri.

Sababu ya kwanza wanaijua: watoto huzama, hata wale wanaojisifu kwamba wanajua kuogelea. Ya pili hawaioni kwa macho. Kichocho hubebwa na konokono wadogo wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi penye majani, palepale watoto wanapopenda kucheza. Vijidudu hutoka kwa konokono, vikaelea majini na kupenya ngozi nzima isiyo na kidonda chochote. Huzidi kutoka jua linapokuwa kali, yaani saa zilezile ambazo watoto hutamani kuoga. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Kama mwanao ameshaingia ziwani miezi iliyopita, mpeleke kituo cha afya apimwe, kwa sababu dawa ipo nayo hutibu.

Ikiwa mtu mzima anapatikana Jumamosi, wapelekeni asubuhi ufuo wa Dunga, wasimame nchi kavu watazame. Kuna mafunjo, kuna mdiria anayetulia angani akipiga mbawa mahali pamoja kisha akajitupa majini kama jiwe, na kuna wavuvi wanaorudi na samaki. Ondokeni mapema. Kufikia jioni viboko hutoka majini kuja kula nyasi, na huo si wakati wa watoto kuwa ukingoni.

Baba wa Watatu, Nakuru, alijibu:

Habari zenu kutoka Nakuru. Mwalimu amesema mengi ya maana, nami naongeza mawili.

Sisi katika ploti yetu tuko familia tano. Likizo ya mwaka jana tulikubaliana kwamba kila familia itoe mtu mzima mmoja kwa asubuhi moja ya wiki, kuanzia saa tatu hadi saa sita na nusu, kisha kila mtoto arudi kwao kula. Hilo la chakula tulilijadili kuliko yote, kwa kuwa mpango wa bure huvunjika pale mama mmoja anapojikuta analisha watoto kumi na wawili. Mimi ninafanya kazi zamu ya usiku, kwa hiyo nilichukua Alhamisi. Fundi cherehani wa ploti akachukua Jumatatu, akawafundisha kushona vifungo na kutengeneza mpira wa vitambaa wa kuchezea mchezo wa kati. Mama wa Migosi, waulize majirani zako. Hutakosa wawili au watatu wenye tatizo kama lako.

La pili ni bao, ambalo huko kwenu mnaliita ajua. Hapa kwetu, kwenye kilima cha Hyrax Hill ambako Mary Leakey alichimbua mabaki ya kale mwaka 1937, kuna vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani na watu wa kale. Kuingia pale kunalipiwa, lakini vishimo vya uani havilipiwi. Wanangu walivichimba kwa kijiko, wakaokota mbegu, na mzee mmoja wa jirani aliyekuwa hasalimiani na mtu akaja kuwasahihisha kanuni. Alirudi kila siku. Nyanya yenu akiwa anaujua mchezo huo, atawashinda watoto akiwa ameketi kwenye kigoda chake.

Mama wa Migosi alijibu:

Asanteni sana nyote. Nimemsomea mama mkwe majibu haya jana usiku, na nilipofika kwenye ajua alicheka, akasema kwamba hakuna mtu katika nyumba hii atakayemweza. Sikujua kwamba aliwahi kucheza.

Nimeongea na majirani wawili. Mmoja hukaa nyumbani Jumanne, mwingine ana binti aliyemaliza kidato cha nne ambaye yuko tayari kuwa nao asubuhi mbili, nami nitafungua kibanda saa tano Ijumaa ili niwe nao. Jumatatu itabaki ya nyanya na bao. Kuhusu ziwa, baba yao atawapeleka Dunga Jumamosi ya pili, na nimewaeleza habari za konokono. Mpwa wangu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba alioga huko mwezi wa Aprili. Tunakwenda kituo cha afya Jumatatu.

Mwalimu, nina swali moja tu. Hapa kwetu kuna siku ambazo mawingu hutanda kabla ya adhuhuri na kivuli hakionekani. Wafanye nini siku hiyo?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Waandike tarehe na neno "mawingu", wasibuni urefu. Kesho yake wapime tena. Na unapokisimika kijiti, zungushia mawe chini yake ili kuku wasikiangushe.