Gumzo la Ukoo: Kasha la DVD Kutoka Mwanjelwa

Kaka Mkubwa (Uyole): Shikamooni wazazi wetu, na wadogo zangu habari za jioni. Lile kasha la DVD nililolipata Mwanjelwa kwenye meza ya mitumba nimelimaliza, na ningependa Jumamosi tuliangalie sote hapa nyumbani. Ni tamthilia ya Kimarekani iitwayo Firefly, iliyotungwa na Joss Whedon, kuhusu watu tisa wanaoishi ndani ya chombo chakavu cha angani mwaka 2517, wakifanya vibarua vya halali na vya magendo ili wapate mafuta na chakula. Ninaomba jambo moja tu: tuanze na diski ya kwanza, bila kuruka hata sehemu moja.

Shangazi (Tukuyu): Marahaba mwanangu. Kabla sijapanga safari, niambie kama hadithi hiyo ina mwisho, kwa sababu nimechoshwa na tamthilia zinazoniacha njiani.

Kaka Mkubwa (Uyole): Shangazi, ilikatizwa katika msimu wake wa kwanza. Zilitengenezwa sehemu 14, na kituo cha Fox kilionyesha 11 tu kati ya Septemba na Desemba 2002. Zile tatu zilizobaki, watazamaji wengi wa huko waliziona kwa mara ya kwanza ndani ya kasha kama hili, lilipotolewa Desemba 2003.

Dada (Iringa): Shikamoo Shangazi, shikamooni nyote. Kaka, hiyo mimi niliwahi kuiona kwa rafiki yangu wa chuoni, aliyekuwa nayo kwenye flashi. Ilianza na wizi ndani ya treni, na nilishindwa kujua nani ni nani wala kwa nini yule binti mgonjwa anafichwa, kwa hiyo nikaiacha. Unaniambia sasa kwamba haianzi hapo?

Kaka Mkubwa (Uyole): Haianzi hapo kabisa, mdogo wangu, na hilo ndilo linaloniuma. Whedon alitengeneza sehemu ndefu ya ufunguzi, iitwayo Serenity, inayotuonyesha nahodha Mal Reynolds na msaidizi wake Zoe wakishindwa vita, kisha inatupeleka miaka kadhaa mbele na kutuingizia abiria mmoja mmoja, akiwemo daktari kijana anayemficha dada yake. Wakubwa wa kituo waliiona inakwenda polepole, wakataka ufunguzi mwingine wenye vishindo zaidi, naye Whedon na mwenzake Tim Minear wakaandika ile ya treni kwa siku mbili za mwisho wa juma. Hiyo ndiyo ikarushwa kwanza, tarehe 20 Septemba 2002, huku ufunguzi halisi ukirushwa tarehe 20 Desemba, tamthilia ikiwa imeshakatwa. Fikirini mtu anakuja kutambulishwa kwenu siku ya kuagwa kwake! Ndani ya kasha hili kila sehemu imerudishwa mahali ambapo mtunzi aliikusudia, na kwa hiyo ninasema kwamba DVD haikuihifadhi tu kazi hii, bali ndiyo iliyoionyesha inavyostahili kwa mara ya kwanza.

Baba Mdogo (Vwawa): Nimesoma kwa makini. Hata hivyo kituo cha biashara huishi kwa matangazo, na kama watu hawakuitazama, sioni kosa la kuifunga.

Kaka Mkubwa (Uyole): Baba Mdogo, kwa heshima zote, waliitazama kwa wastani wa watu milioni 4.7, idadi ndogo kwa kituo kikubwa cha Marekani, hilo ninakubali. Lakini iliwekwa Ijumaa usiku, wakati vijana wengi wako matembezini, na mpangilio ukavurugwa. Watazamaji hawakupewa hadithi waliyoweza kuifuata. Kasha lilipotoka lilinunuliwa sana, hata kampuni ya Universal ikakubali kutengeneza filamu, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2005. Katuni ya Family Guy nayo, ambayo kituo hichohicho kilikuwa kimeifuta, ilirudi hewani mwaka huohuo baada ya DVD zake kuuzwa kwa wingi.

Baba Mdogo (Vwawa): Hapo umenigusa. Kwa hiyo wateja walikuwepo, ila hawakuwa sebuleni Ijumaa.

Mjomba (Mafinga): Nina neno la kiufundi. DVD hutengenezwa kwa ajili ya kanda maalumu za dunia: diski za Marekani ni za ukanda wa 1, na sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania ikiwemo, tumewekwa ukanda wa 5, kwa hiyo deki inayofuata masharti hayo itazikataa. Picha yake pia ni ya mfumo wa NTSC, na televisheni ya zamani inayopokea mfumo wetu wa PAL pekee inaweza kuonyesha picha isiyo na rangi. Wewe uliiangaliaje?

Kaka Mkubwa (Uyole): Niliiangalia kwenye kompyuta, Mjomba, lakini kioo chake ni kidogo kwa watu wote hawa.

Mjomba (Mafinga): Basi nitakuja na deki yangu, inasoma diski za kanda zote za dunia.

Shangazi (Tukuyu): Na Kiingereza chao nitakifuataje mimi?

Dada (Iringa): Nitakaa karibu nawe nikutafsirie, Shangazi, kama wanavyofanya kwenye mabanda ya video.

Kaka Mkubwa (Uyole): Manukuu ya Kiingereza yamo, yatamsaidia mfasiri wetu. Mjue tu kwamba wahusika huchanganya maneno ya Kichina, hasa wakikasirika, na hata Wamarekani wengi hawakuyaelewa, ila uso wa msemaji unatosha. Ninawaomba sana muingojee sehemu ya Out of Gas, ambayo mtambo wa chombo unaharibika na nahodha anabaki peke yake hewa ikimwishia, huku tukirudishwa nyuma kuona jinsi alivyowakusanya wafanyakazi wake. Sijaona sehemu ya tamthilia iliyosukwa vizuri kuliko hiyo.

Dada (Iringa): Na yule binti, siri yake inajulikana?

Kaka Mkubwa (Uyole): Inajulikana kwenye filamu ya 2005, na sitasema zaidi ya hapo.

Shangazi (Tukuyu): Basi filamu hiyo itafutwe kabla ya Jumamosi. Nitapanda basi la alfajiri, nanyi msiwashe deki kabla sijafika.

Mjomba (Mafinga): Tutakusubiri, dada yangu.