Copenhagen au Malmö: wapi familia inaishi vizuri zaidi?

Mleta mada:
Mume wangu ameajiriwa Copenhagen, nami kazi yangu inaniruhusu kukaa upande wowote wa daraja la Öresund, linalounganisha Copenhagen ya Denmaki na Malmö ya Uswidi. Tuna mtoto mmoja mdogo na mwingine yuko njiani. Wenyeji wetu wa Denmaki wanausifu mshahara wao; wa Uswidi wanasema nyumba za Malmö ni nafuu na mtu hulea kwa utulivu. Ninachouliza ni maisha yenyewe, maana mshahara tumekwisha kuupigia hesabu.

Nesi wa Copenhagen:
Dada, kaeni Denmaki. Hapa humlipi kitu daktari wa familia unapomwendea, ilhali ng'ambo ya pili mtu mzima hutozwa ada kila anapokwenda kutibiwa mpaka afikie kikomo chake. Ni kweli kwamba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25 haisazi hata mkate huku kwetu, wakati Waswidi wamekipunguzia chakula, lakini anayelipwa kwa fedha ya Denmaki hababaishwi na bei ya maziwa. Niongeze jambo ambalo watu hulikwepa: wengi wa wenzetu wanaoisifu Malmö ni wale ambao Denmaki iliwafungia mlango, wakaifanya Malmö chumba cha kusubiria.

Mkazi wa Malmö:
Nilikuwa nimeandika habari za kodi ya pango, nikazifuta baada ya kusoma hilo la chumba cha kusubiria. Mwandishi analijua vizuri sharti la Denmaki la 2002, ambalo kwalo mtu hawezi kumleta mwenzi wake kutoka nje ya Ulaya mpaka wote wawili wawe wametimiza miaka 24. Anajua pia kwamba waliovuka daraja kwa sababu hiyo hawakuwa wenye asili ya kigeni peke yao; walikuwamo Wadenmaki ambao babu zao wamezikwa Jylland, bara la Denmaki, na bado nchi yao iliwakatalia kukaa nyumba moja na wake zao. Walipanga Malmö, wakawa wanapanda treni alfajiri kwenda kuijenga nchi ile ile iliyowakataa. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Januari 2016, vitambulisho vilipoanza kudaiwa kabla ya kuvuka, tulikuwa tukishushwa Kastrup, kituo cha uwanja wa ndege wa Copenhagen, jioni, tunapanda ngazi, tunaonyesha vitambulisho, tunashuka tena jukwaa la upande wa pili kungojea treni nyingine, kisha tukifika Hyllie, kituo cha kwanza upande wa Malmö, polisi wa Uswidi wanaingia kuvitazama upya. Pamoja na adha hiyo yote, nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu. Ndugu Nesi, katika hesabu yako ya ada za daktari, hilo unaliandika wapi?

Mzee wa Aarhus:
Mwenzetu ameghadhabika, na ana haki, ila asituchoree Uswidi kama pepo. Tangu 2016 nao wanamtaka anayemleta mwenzi awe na kipato na nyumba ya kutosha, na 2021 wakaliingiza jambo hilo katika sheria ya kudumu. Ama kuhusu maisha bora, kipimo changu ni gari. Ushuru wa kulisajili, ambao kwa sehemu ya juu ya thamani ulifika asilimia 180 kabla haujashushwa hadi 150, umenifanya mwanariadha wa baiskeli uzeeni.

Nesi wa Copenhagen:
Sikumtaja mtu kwa jina, wala sheria ile sikuitunga mimi. Ninachojua ni kwamba wengi walikaa Uswidi kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, kisha wakaingia Denmaki na wenzi wao kwa mlango wa uani. Ikiwa Malmö ilikuwa tamu kiasi hicho, mbona walirudi?

Mleta mada:
Naomba turudi kwa watoto. Ninavyoelewa, Uswidi hutoa siku 480 za likizo kwa wazazi wawili, na 90 kati yake kila mzazi hawezi kumpa mwenzake. Denmaki, tangu 2022, humpa kila mmoja majuma 24 baada ya mtoto kuzaliwa. Baba akifanya kazi nchi moja na kulala nyingine, anafuata sheria ya wapi?

Mkazi wa Malmö:
Kwa kawaida anafuata ya mahali anapofanyia kazi, kwa hiyo mumeo atakuwa chini ya Denmaki, nawe ukiajiriwa Malmö utakuwa chini ya Uswidi. Chekechea ni ya mahali mnapolala, na huku ada yake ina ukomo uliowekwa na serikali. Sasa nimjibu Nesi. Huo unaouita mlango wa uani ni halali, na Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliupanua 2008 katika shauri la Metock. Waliorudi walifuata kazi na wazazi waliozeeka. Wengine tulipata ruhusa ya kurudi, tukaamua kubaki, na watoto wetu wanazungumza Kiswidi cha Skåne, jimbo letu la Malmö, ambacho hata watu wa Stockholm hukilalamikia.

Nesi wa Copenhagen:
Na mshahara unaendelea kuuchukua Copenhagen?

Mkazi wa Malmö:
Kila mwezi, na kodi yake naiacha huko huko.